Maji Yasiyolowesha Tairi

Muthara nzima ilimwita Dereva, na katika miaka yote niliyoishi uani kwake sikumwona hata siku moja ameshika usukani.

Nilipanga chumba kwake mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipopelekwa kufundisha fizikia katika shule ya kutwa iliyokuwa karibu na soko. Nilikuwa binti mgeni kutoka upande wa Embu. Kimeru changu kilikuwa cha kuokoteza, na mambo mengi niliyaelewa nusunusu kwa sababu yanafanana na ya kwetu. Jina la mwenye nyumba nililichukua kuwa mzaha, kama vile mtu mnene anavyoitwa Kembamba. Mkewe, Mama Kawira, ndiye aliyenisahihisha tukichambua maharagwe mlangoni.

"Si mzaha. Alikuwa anabeba miraa. Kutoka mji wa Maua mpaka Nairobi kabla jua itoke, na hakuna pikapu ilikuwa inampita. Baadaye akashika njia ya Isiolo, ile inapanda kaskazini. Halafu akaacha."

"Kwa nini?"

"Mimi mwenyewe sijaambiwa," alisema, akapepeta maganda.

Basi mtu yule alitembea. Alikwenda Maua kwa miguu na kurudi kwa miguu, akafika Mikinduri, akafika kila mahali palipokuwa na mazishi au mnada wa ng'ombe. Vijana aliowafundisha kuendesha walikuwa wakimkuta njiani, wanapunguza mwendo na kumpigia kelele: "Mzee, panda!" Yeye aliinua mkono kama mtu anayebariki, akaendelea na safari yake ukingoni mwa lami. Mama Kawira alipougua malaria ya kichwa, jirani alimpakia kwenye pikapu kumkimbiza hospitali. Dereva aliufunga mlango wa gari, akasimama nje, gari likaondoka. Alifika wodini jioni, viatu mkononi, nyayo zimechubuka. Mama Kawira alipenda kusimulia kisa hicho akicheka. Alicheka mpaka pale penye viatu, kisha akanyamaza.

Wala usidhani aliyachukia magari. Aliyapenda kama mfugaji anavyopenda ng'ombe. Jumapili baada ya kanisa madereva walipanga pikapu zao nje ya boma, naye aliketi kwenye kigoda, akafumba macho, akasema, "Washa." Alisikiliza. "Hiyo klachi imekufa kitambo. Wewe unaendesha maiti." Au: "Kuna maji kwa dizeli. Uliza yule amekuuzia." Aliweka kiganja juu ya boneti yenye moto, akakiacha pale hadi mtu mwingine angekuwa amepiga kelele. Lakini mlango hakufungua, na usukani hakugusa. Waliokuwa wamemzoea hawakumshawishi tena.

Masikio aliyaamini. Macho hapana. Kila asubuhi nilipotoka kwenda shule nilimkuta amesimama langoni, nami nikamsalimu nikiwa hatua mbili mbele yake.

"Muga, Dereva."

"Muga, Mwarimu. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sawa."

Mwanzoni nilidhani haoni vizuri. Siku moja nikamshikia gazeti kwa mbali, akanisomea hadi bei za mbolea. Aliona kuliko mimi. Alichotaka ni kuambiwa.

Tabia yake iliyowachosha watu zaidi ilikuwa hii: mtu akitokea mbali barabarani, kile kidoa tu kinachosogea, Dereva alisimama. Hata kama alikuwa anakula. Aliweka sahani chini, akakinga jua kwa mkono, akangoja mpaka kile kidoa kiwe mtu, na mtu awe na uso, na uso uwe na jina. Hapo ndipo alirudi kwenye githeri yake, mahindi na maharagwe yaliyokwisha kupoa. Na ikiwa yule mtu alikata kona kabla hajafika, Dereva alimfuata. Mara moja alimfuata mwanamke mmoja aliyebeba ndizi, akateremka naye bondeni hadi mtoni, bila neno, mpaka mwanamke akatupa mkungu na kupiga mayowe. Mumewe alikuja jioni ameshika panga.

"Ulikuwa unamtafutia nini bibi yangu?"

"Nilitaka kujua ni nani," alisema Dereva.

"Ukishajua?"

"Nikishajua ninarudi."

Yule bwana alimtazama sana. Nadhani alikuja tayari kwa matusi au kwa uongo, na alichopewa hakikuwa kimojawapo. Mama Kawira akaleta chai, na panga likalazwa chini ya benchi.

Kanisani alikaa benchi la nyuma na hakufumba macho wakati wa sala. Hakutafuna miraa, wala hakunywa pombe, na bado alikuwa na macho ya mtu aliyekesha. Kijijini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kuna waliosema alifuatwa na jini la jangwani, na kwamba jini hilo hupanda magari, ndiyo maana anatembea. Wengine walisema aligonga mtu akakimbia. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Murungu akimpa mtu mzigo hamtafutii wa kumsaidia kuubeba. Nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia, mambo ya majini siyajui. Nilijivunia jibu hilo kwa siku kadhaa.

Ilikuwa kiangazi cha baada ya Krismasi, alasiri, vumbi limesimama hewani. Nilikuwa uani nikijaribu somo la kesho yake kwa kidato cha pili: beseni, shilingi, na jagi la maji. Ni somo la kupinda kwa nuru, na ni somo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji maabara. Unaweka shilingi ndani ya beseni, mwanafunzi anarudi nyuma mpaka ukingo wa beseni uifiche, asiione tena. Halafu unamimina maji polepole, na shilingi inajitokeza.

Dereva alikuja akasimama nyuma yangu.

"Hiyo ni nini?"

Nikamweka mahali pa mwanafunzi. Nikamimina. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Shilingi imepanda?"

"Haijapanda. Iko palepale nilipoiweka. Nuru ndiyo imepinda. Ikitoka ndani ya maji kuingia hewani inabadili njia, kwa sababu maji ni mazito kuliko hewa. Jicho lako halijui kwamba imepinda. Linafuata mstari ulionyooka, linaona shilingi mahali ambapo haipo."

Alimwaga maji, akarudia mwenyewe. Akarudia tena na tena, mpaka udongo pale uani ukawa matope. Hatimaye akaketi juu ya gogo.

"Na hiyo maji ya barabara? Ile inakimbia mbele ya gari, hufiki?"

Mwalimu yeyote anajua furaha ya swali kama hilo. Nililichukua jiko la makaa la Mama Kawira, lililokuwa limewaka kwa ajili ya chai, nikaliweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia atazame vigingi vya ua kwa kupitisha macho juu tu ya makaa. Vigingi vilikuwa vinacheza kama mianzi ndani ya mto.

"Yale ni mazigazi," nilisema. "Barabara ikipata moto, hewa iliyo karibu nayo inakuwa nyepesi, ile ya juu inabaki nzito. Hewa mbili tofauti. Nuru inashuka kutoka angani, ikifika kwenye ile nyepesi inapinda, haigusi ardhi, inainuka mpaka jichoni kwako. Basi unaliona anga limelala barabarani, na kwa sababu anga halilali barabarani, unasema ni maji."

"Kwa hiyo maji hakuna."

"Hakuna tone."

"Na vitu unaona ndani ya hiyo maji? Mti. Ngamia."

"Hivyo vipo. Huenda ukaviona vimepinduka, au vimerefuka, au vimekatika miguu. Lakini vipo."

Alikuwa bado ameinama akitazama juu ya makaa. "Na mtu?"

"Mtu pia."

"Haiwezi kuwa ni hiyo maji imetengeneza mtu?"

"Hapana," nilisema, na nakumbuka nilisema kwa uchangamfu, kama ninavyosema darasani. "Nuru haitungi kitu, Dereva. Inakipinda tu. Ukiona mtu, basi kuna mtu mahali."

Aliinuka taratibu, akashukuru, akaingia nyumbani. Mama Kawira alimwita aje anywe chai, hakuitika. Chai ilimwagwa. Kesho yake hakusimama langoni, wala kesho kutwa. Nilipita pale pasipo mtu nikijisikia kama nimesahau kitu.

Mama Kawira alinijia chumbani kabla juma halijaisha.

"Umemwambia nini?"

"Nilimfundisha habari ya nuru."

"Nuru gani hiyo inamweka mtu gizani?"

Tulikuwa tumesimama hivyo, yeye na kanga yake mabegani, mimi na rundo la daftari za watoto, ndipo Dereva akatokea mlangoni mwa nyumba kubwa. Alikuwa amenyoa. Akatuita sote wawili tukae.

Nitayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia, kwa maana hakuyapamba.

"Nilikuwa na mwenzangu," alisema. "Mama Kawira, wewe unamjua, ndiye alisimama na mimi siku ya harusi. Tulianza kazi pamoja Maua, tukilala chumba moja, kitanda moja. Tukahamia njia ya kaskazini pamoja. Siku hiyo yeye alikuwa ametangulia jana yake. Mimi nikatoka nimechelewa, na miraa ikichelewa kule inanyauka, hakuna mtu atanunua majani makavu. Niko peke yangu. Isiolo nimeiacha nyuma mbali. Ni tambarare tupu, mahali hata ndege hakuna.

"Saa sita nikaona maji. Hiyo ni kawaida, kila siku unaona. Sasa ndani ya maji nikaona mtu. Miguu hana. Anapunga kitu, shati ama nini. Halafu amekuwa wawili, mmoja juu, mmoja chini amepinduka. Halafu amekuwa mmoja tena. Sisi madereva tulikuwa na neno letu: mtu wa maji humsimamishii gari. Ukisimama, ama ni jambazi, ama si kitu. Na kule kuna njia nyingi, kila mtu anakata yake. Nikakata kushoto, nikashika njia ya kando, nikakanyaga. Sikuangalia kioo."

Mama Kawira aliishusha kanga mabegani, akaikunja mapajani.

"Nikafika, nikauza. Nikauliza mwenzangu, wakasema hajafika. Nikasema labda gari imemsumbua, atakuja. Wafugaji ndio walimpata, chini ya mgunga. Gari yake ilikuwa kwa njia nyingine huko, injini imekufa, akaiacha, akaanza kutembea. Maji ilimwishia." Akasugua kidevu kilichonyolewa. "Kwa mazishi bibi yake aliniuliza mbele ya watu. Wewe ulipita hiyo njia. Hukumwona? Nikasema sikuona kitu."

"Uliogopa," Mama Kawira alisema.

"Sijui. Niliogopa jambazi. Nilikuwa na haraka. Na ukweli ni kwamba nilifikiri ni maji. Hayo yote ilikuwa ndani ya kichwa moja, kwa dakika moja, na sijui ni gani ilipinda usukani. Lakini kila siku nimejiambia, ile ilikuwa maji tu. Maji ilichora mtu, kama wingu inachora ng'ombe. Hiyo ndiyo nilikuwa nakula, hiyo ndiyo nilikuwa nalalia. Sasa Mwarimu ameniambia maji haichori."

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema kwamba huenda alikuwa mchungaji, huenda alikuwa mbali mno, kwamba mazigazi humleta karibu mtu aliye mbali. Nikafungua mdomo, na Mama Kawira akanigusa goti ninyamaze.

"Bibi yake yuko wapi siku hizi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mikinduri. Anauza nguo za mitumba sokoni."

"Basi utaenda."

"Nitaenda."

"Niende na wewe?"

"Hapana. Siku ile nilikuwa peke yangu."

Mama Kawira akainuka. "Utaenda, lakini si na hilo shati," alisema, akaingia ndani kutafuta pasi.

Aliondoka asubuhi kwa miguu, shati limenyooshwa, mikunjo ya pasi mikononi. Alirudi kesho yake mchana. Hakusema alichoambiwa, nasi hatukuuliza. Mama Kawira alimtazama usoni, akamtilia maji ya kuoga, basi. Niliyoyaona mimi ni haya tu: Jumapili iliyofuata pikapu zilipangwa nje kama kawaida, na madereva walipokwenda kununua soda nilimwona Dereva ameketi ndani ya mojawapo. Injini imezimwa. Mikono miwili juu ya usukani. Wenye gari waliporudi walisimama kando ya barabara na chupa zao, wakamngoja, na kijana mmoja aliyetaka kucheka alipigwa kiwiko.

Muda si mrefu barua yangu ya uhamisho ikaja. Nilirudishwa nyumbani, na nyumbani maana yake si ile Embu ya chai na baridi. Nilipelekwa chini kabisa, Mbeere, ambako mbuzi hula makaratasi na watu husali kwa ajili ya mawingu. Nikaolewa huko. Habari za Muthara zikawa za mara mojamoja: binti yao Kawira ameolewa, paa la shule limeezuliwa na upepo. Za Dereva sikuzipata.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini, baada ya zile mvua kubwa kupita na ukavu kurudi kana kwamba haukuwa umeondoka, nilikuwa nimesimama kwenye njia ya Kiritiri nikitafuta gari la kunifikisha Embu. Magari mawili yalinipita. La tatu, pikapu kuukuu yenye magunia ya kunde na wanawake watatu juu yake, lilianza kupunguza mwendo likiwa bado mbali sana, kabla sijainua mkono.

Alikuwa yeye. Amekonda, nywele nyeupe, kofia ya sufu katika joto lile.

"Mwarimu wa nuru," alisema, akanifungulia mlango kwa ndani.

Alikuwa amerudi kazini, akaniambia. Si miraa tena. Kunde, mtama, maembe ya msimu, kutoka Mbeere kupanda Meru, siku yoyote, mwendo wowote. Mama Kawira alikuwa mzima, anaumwa magoti. Aliendesha polepole kuliko mtu yeyote niliyepata kuketi naye, mikono yote miwili kwenye usukani, na magari mengine yalitupita yakipiga honi. Hakuyasikia, au alikuwa ameamua kutoyasikia.

Tulipofika pale barabara inaponyooka, ikamwagika ile maji, kama alivyoiita yeye. Ilijaa lami yote mbele yetu, inametameta, na mgunga mmoja ukiwa umesimama ndani yake kichwa chini. Mimi mwalimu nikaitazama kama mtu anayemwona mwanafunzi wake wa zamani. Dereva akaondoa mguu kwenye mafuta. Gari likaenda likalegea, likasimama kando, akazima injini.

"Unaona mtu pale?" aliuliza.

Nilitazama kwa makini. "Sioni."

"Ngoja."

Akashuka. Nilitarajia wale wanawake wa nyuma walalamike, jua lilikuwa la kuchoma nywele. Mmoja aliinama dirishani, akaniambia bila kuinua sauti, "Ngoja tu, mama. Yeye ni hivyo. Anarudi."

Alitembea katikati ya barabara akiielekea ile maji. Alivyozidi kwenda, ndivyo alivyozidi kuyeyuka. Kwanza ilimchukua miguu. Kisha nikamwona amekuwa mrefu, mwembamba kama mti wa bendera, kisha wawili, mmoja juu na mmoja chini, wakigusana. Najua sababu yake. Nimeichora ubaoni zaidi ya nilivyochora kitu kingine chochote maishani mwangu. Na bado nilishika mlango wa gari nikiwa tayari kuruka nje na kumwita, kwa sababu sikuweza tena kujua kama amesimama, au anatembea, au amegeuka.

Akarudi. Alikuwa na jasho hadi kwenye kofia.

"Hakuna," alisema, akawasha injini.

Tulikwenda mpaka mgunga ule ukawa mgunga wa kawaida, umesimama wima, ukatupita. Hapo nikamuuliza lile ambalo nilikuwa nimelibeba kutoka Muthara.

"Kule Mikinduri. Mama yule alikuambia nini?"

Alibadili gia.

"Aliniacha nimalize," alisema. "Hakulia. Hakunitukana. Mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Aliniuliza swali moja tu. Aliniuliza, wakati ulimwona, alikuwa anakuja upande wa nyumbani, ama alikuwa anaenda huko mbele?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia alikuwa anakuja nyumbani."

Upepo wa moto uliingia dirishani na vumbi la kunde.

"Ilikuwa hivyo?"

"Wewe ndiye umesomea hiyo maji," alisema, macho barabarani. "Mtu akiwa mle ndani, unaweza kujua anakuja ama anaenda?"

Nilimkumbuka dakika chache tu nyuma, mgongo na kifua vimekuwa kitu kimoja.

"Haiwezekani," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa na daktari jambo alilokuwa analijua. Embu ilianza kuonekana, mistari ya mikuyu na mabati yanayong'aa.

"Alipakua chakula," alisema. "Kijana wake mkubwa akatoka nje, hakutaka kukaa na mimi. Yule mama akaniwekea sahani, akaenda akasimama mlangoni, akinipa mgongo, anaangalia barabara. Sikuwa na njaa, Mwarimu. Lakini nilikula mpaka nikamaliza."